Alimwachia Nani Wale Tisini na Tisa?

Mkonze, Jumapili, mwezi wa kumi

Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mvua bado. Nimefunga mlango wa tembe lakini mchanga unaingia hivyohivyo, mpaka kwenye kurasa za daftari hili. Naandika, napangusa, naandika tena. Jua halijazama na sina mtu wa kuongea naye.

Leo kwenye ibada wamekuja wanne. Watatu ni watoto. Wa nne alikuja kuazima shoka.

Barua yangu kwa padre wa Buigiri iko mezani tangu Alhamisi. Nimemwomba aniondoe hapa na ualimu anivue. Kesho asubuhi tarishi wa mishen anapita kuichukua, kwa hiyo nina leo tu ya kuamua. Ngoja nilieleze jambo lenyewe lilivyoanza, nilieleze kwa haki, bila kujipendelea.

Zakaria ni Mgogo wa hapahapa Mkonze. Mimi nililelewa na mishen kule pwani, baba sikumjua wala mama, nikaletwa huku nikiwa kijana. Tulikwenda pamoja mishen ya Buigiri, tukabatizwa siku moja, tukalala mkeka mmoja miaka minne. Baadaye mimi nikapewa ualimu wa kanisa hapa Mkonze, yeye akaenda shule ya serikali Tanga, akarudi karani wa stesheni ya Dodoma, na miwani yake, anasoma vitabu vya Kijerumani. Ndiye aliyeniambia, taratibu kabisa, kwamba haamini tena. Wazungu wanaojenga reli hawasali, alisema, na madaraja yao yanasimama.

Nilimwambia nitamwombea. Akaniambia asante, kama mtu aliyepewa kiti kibovu.

Wiki tano zilizopita alikuja kanisani, akakaa nyuma. Siku hiyo palijaa, wazee wa mifugo na fimbo zao, na mimi nikajitia kuhubiri habari ya mchungaji mwenye kondoo mia aliyepotewa na mmoja, akawaacha tisini na tisa nyikani kwenda kumtafuta. Nilihubiri vizuri, nasema kweli, mpaka nikajipendeza mwenyewe.

Zakaria akasimama. Aliuliza kwa Kigogo ili kila mtu aelewe.

"Mwalimu, wale tisini na tisa alimwachia nani? Na fisi wapo?"

Wazee wote wakageuka kunitazama. Hawakuwa na ubaya, walitaka jibu kwelikweli. Nikasema Mungu aliwalinda.

"Basi si angemlinda na yule mmoja?"

Nikafunua kurasa za Biblia kama natafuta kitu. Mzee mmoja akasema mchungaji wa namna hiyo yeye hampi hata mbuzi mmoja. Wakacheka, wakaondoka wakicheka, na Jumapili iliyofuata hawakurudi.

Zakaria alikuja kwangu mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza nilijifanya naumwa. Mara ya pili sikujisumbua hata kujifanya, nilikaa ndani nikasikiliza viatu vyake vikienda zake.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapasomwi na mtu: swali lile liliniingia. Nikipiga magoti nalisikia. Naogopa kwamba hata mimi siamini, ila sina pa kwenda. Yeye ana stesheni na ana kwao. Mimi hata jina langu nilipewa na mishen. Nikiiacha imani, nabaki na nini?

Niko peke yangu. Ndivyo ilivyo.

Sasa ya jana. Mchana, jua kali, mama yake Zakaria akapita mlangoni na fimbo, anaelekea porini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia mbukwa, salamu ya kwao. Nikamuuliza anakwenda wapi na jua lote hili. Akasema ndama wake amepotea.

"Na ng'ombe wengine, mama?"

"Wako na wenzangu."

Nikabaki nimesimama. Akanitazama kama ananihurumia. "Kwani nani anachunga peke yake, mwalimu? Ng'ombe zangu na za jirani zinakwenda pamoja. Ya nani imepotea, huyo anatafuta, wengine wanabaki na kundi. Wewe hujawahi kuchunga, eeh?"

Sijawahi. Hata siku moja.

Nilisoma habari ile mara mia na kila mara nikamwona mchungaji yuko peke yake, kwa sababu mimi niko peke yangu. Wazee walinisikia nikisema aliwaacha nyikani, wakaelewa kwamba hakuna aliyebaki nao. Mimi ndiye niliyewaondoa wale wachungaji wenzake.

Nikachukua kofia nikaenda naye. Ndama tulimkuta korongoni, mguu umebanwa na mizizi. Nilimbeba mabegani mpaka kijijini, akanikojolea kanzu yote. Wanawake waliobaki na kundi walipotuona walicheka mpaka wakakaa chini, wakanipa maziwa ya mgando, na mama yake Zakaria akanipikia ugali na mlenda. Tangu nifike Mkonze sijawahi kula na watu wengi namna ile.

Nilikuwa na furaha, sikatai. Nilikuwa nayapanga maneno ya kumjibu Zakaria, nimshinde mbele ya watu kama alivyonishinda.

Ndipo mama yake akasema, huku anasugua chungu, "Zakaria huu mwezi mzima hajafika kwangu. Watu wanasema anakunywa pombe, na chakula hali. Siku mnakwenda mishen sikulia, unajua? Nilisema wako wawili."

Nikaliweka chini bakuli la maziwa.

"Nilikuachia wewe," akasema, akaendelea kusugua.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwa hiyo kesho nakwenda Dodoma kwa miguu, kabla jua halijawa kali. Barua nimeiacha palepale mezani, tarishi akipita hatanikuta wala hataichukua. Sijui kama naamini sawasawa, na sijui kama ndugu yangu atanifungulia mlango, maana mimi sikumfungulia. Sitakwenda na jibu. Nitakwenda kukaa naye tu, na akitaka tutanyamaza.

Darasa la wale watoto watatu nimelipatia mtu. Hajui kusoma, hajabatizwa, na mahubiri yangu anayaona upuuzi. Amesema kuwasomesha hawezi, ila jioni atawahesabu.

Zakaria atauliza, namjua. Atavua miwani, aulize wale watatu nimemwachia nani.

Nitamwambia: mama yako.