Uzi Kati ya Nesi na Fundi

Jumapili, 2 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia bado, lakini shikamoo yako ilikuwa njiani, nimeidaka. Mimi mzima, ila goti linanung'unika, nalo lilianza kunung'unika kabla mama yako hajaolewa. Wewe je, unakula au unabofya tu?

Nakuarifu kwamba programu yako ya kupanga zamu za jikoni nimeimudu kwa asubuhi moja, peke yangu, bila kugusa maelekezo. Wapangaji walijaa mlangoni wakinishangaa.

Haya, ni uongo. Asubuhi nzima nilikuwa nabofya kioo cheusi, mpaka Fundi Cherehani akaja akasema, "Mzee, hujaiwasha." Hicho ndicho walichokuwa wanakishangaa.

Lakini sasa nimeielewa. Kila mtu wa nyumba hii ni kisanduku: Nesi, Fundi Cherehani, Mama Keki, Kinyozi, na mimi mwenye nyumba. Ndani ya kila kisanduku kuna zamu tatu za jikoni: asubuhi, mchana, jioni. Jiko letu lina nafasi ya sufuria mbili, kwa hiyo zamu moja haibebi zaidi ya watu wawili. Masharti nayaweka kwa kuvuta uzi kutoka kisanduku hiki hadi kile. Kisha nabofya "Tafuta", mashine inahangaika, mimi nakunywa chai.

Ulisema kompyuta hii haifundishwi namna ya kutafuta, inaambiwa tu masharti, mengine inajua yenyewe. Mjukuu wangu, hiyo ndiyo kazi niliyoitamani maisha yangu yote: kutaja masharti na kukaa.

Ratiba imetoka, nimeinakili na kuibandika jikoni. Barua hii anakuletea shangazi yako, usimkawize.

Babu yako


Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo Babu,

Natumaini goti limepunguza maneno. Mimi sijambo, nakula, na nimecheka mpaka mwenzangu wa chumba akadhani nalia.

Ila Babu, hili lisiwe mzaha. Walimu wangu wamesema wazi: programu lazima itumiwe na mtu asiyeizoea kompyuta, na ratiba yake ifuatwe na watu wa kweli. Mwisho wa mwezi mmoja wao atapiga simu hapo nyumbani na kuuliza mpangaji atakayemchagua yeye. Mpangaji akisema haifai, narudia mwaka mzima. Tafadhali waambie wapangaji waifuate kama ilivyo.

Mjukuu wako


Jumatano, 12 Machi

Mjukuu wangu,

Salamu nyingi, na kama una moyo mwepesi, kaa kwanza.

Wameifuata kama ilivyo. Ndiyo balaa lenyewe.

Unajua Nesi na Fundi Cherehani ni wachumba, wanapika chungu kimoja. Mashine yako imempa Nesi mchana, Fundi jioni. Fundi anakula viporo, na suruali yangu aliyokuwa anaipunguza imerudi mguu mmoja mfupi. Anasema ni bahati mbaya. Macho yake yanasema mengine.

Na Mama Keki na Kinyozi, ambao hawajasemeshana tangu ule unywele uonekane ndani ya keki ya mteja, mashine imewaweka pamoja asubuhi! Siku ya kwanza Kinyozi aliingia na nywele za wateja wa jana zimejaa begani. Mama Keki akamwambia, "Wewe, jikung'ute nje!" Kinyozi akajibu, "Nafuata ratiba." Mama Keki akasema, "Basi na hii nayo iko kwenye ratiba," akammwagia bakuli la unga. Jamaa alitoka mweupe kama ukuta mpya, na mteja wake wa kwanza akakimbia.

Sasa wote wamekula kiapo: simu ya mwalimu wako ikilia, watakuwa wanagombea kuipokea. Nimewabembeleza, wamenitazama kama mvua ya siku ya kuanika nguo. Mashine yako ina fitina, mjukuu wangu. Ifanye upesi itubu.

Babu yako mwenye suruali mbovu


Jumamosi, 15 Machi

Shikamoo Babu,

Pole kwa suruali, na Kinyozi pia mpe pole.

Nimeikagua programu mara tatu, haina kosa. Niambie jambo moja tu: ulivuta uzi kati ya nani na nani?

Mjukuu wako


Jumatatu, 17 Machi

Mjukuu wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ila swali lako limenishangaza.

Nilivuta uzi kati ya Nesi na Fundi, kwa sababu wanapendana. Mama Keki na Kinyozi sikuwagusa, kwa sababu hawapatani. Kwani huko chuoni maadui ndio wanaofungwa uzi mmoja? Mimi nimesoma hadi darasa la nne, na hata darasa la nne tulijua kamba ni ya kuunga.

Babu yako


Jumatatu, 24 Machi

Shikamoo Babu,

Samahani kwa kimya. Nilikuwa naandika upya.

Kwangu uzi ulikuwa na maana ya "hawa wasikutane zamu moja". Niliuchora hivyo tangu mwanzo, wenzangu wote wakaukubali, sikuwaza kuuliza. Kwenye flashi anayokuletea shangazi kuna programu mpya. Uzi sasa unaunga. Wasiopatana unawajengea ukuta katikati. Na kama hakuna jibu, itapaka rangi nyekundu masharti yanayopingana.

Babu, zimebaki siku chache. Nakuomba.

Mjukuu wako


Jumapili, 30 Machi

Mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba, na marahaba ya akiba. Goti limenyamaza kwa heshima.

Niliweka uzi kwa wachumba na ukuta kwa maadui. Nikabofya. Mashine ikasema hakuna jibu, ikapaka wekundu. Nikafuata wekundu: kuta nne zimenizunguka mimi! Ni kweli, nilijijengea ukuta dhidi ya kila mtu, maana napika nikiimba na sitaki mashahidi. Nikaubomoa mmoja, wa Kinyozi, ambaye hata hivyo hasikii sikio moja. Papo hapo visanduku vikatulia: wachumba jioni, Mama Keki mchana peke yake kama malkia, mimi na Kinyozi asubuhi. Anaitikia wimbo wangu vibaya mno, lakini kwa moyo.

Jana simu ililia. Mwalimu wako akamtaka Mama Keki. Tukakusanyika wote, simu tukaiweka spika.

"Ratiba inafaa?"

Mama Keki akanitazama kwanza, atafune raha yake. Kisha akasema, "Inafaa. Tangu ibadilishwe sijaona unywele hata mmoja. Sasa sema, mtoto wetu amefaulu, au nikae na wewe kwenye simu mpaka keki iungue?"

Mwalimu akacheka. Amesema umefaulu. Nesi amepiga kelele mpaka majirani wakaja na ndoo wakidhani kunaungua.

Sasa nina neno. Humo kwenye flashi ulisahau ripoti yako, nami nimeisoma. Umeandika: "Mtumiaji wa kwanza, mwanamume mzee sana, mwenye elimu ndogo, mkaidi." Mzee, sawa. Elimu ndogo, sawa. Mkaidi, ahsante. Lakini kwa kazi niliyokufanyia unanidai chochote? Mimi ndiye ninayekudai. Kabla hujaikabidhi, hiyo "sana" ifute.

Babu yako