Gunia Linalopungua

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo? Natumaini wagonjwa wako hawajakumaliza. Sisi huku wazima wa afya, na mimi kuliko wote, ndiyo maana naandika. Kwenye simu huwa unanikata maneno. Barua haikatwi. Anayekuletea ni dereva wa lori langu, yule mwenye sauti ya kukwaruza, kwa kuwa kila wiki mbili anapita mji wenu kupeleka pumba.

Kaka yako anakimbia. Usicheke. Nilianza Novemba, baada ya kukwama kwenye mlango wa stoo mbele ya wateja. Siku ya kwanza jirani alifungua dirisha akaniuliza mwizi ameelekea wapi. Watoto waliwekeana dau kwamba sitafika wiki. Wameliwa wote, na mama yao kaliwa zaidi. Sasa kila alfajiri natoka, nazunguka barabara ya viwandani hadi kwenye tangi la maji na kurudi, kilomita sita, na mbwa wa mlinzi wa ghala ameacha kunibwekea. Ananisindikiza.

Matokeo sasa. Kila Jumamosi tukifunga duka napanda kwenye mizani ya magunia, na mpakiaji wangu wa siku nyingi anasoma kwa sauti kama anayepokea mzigo. Novemba nilikuwa tisini na sita. Jana, themanini na tatu. Wafanyakazi walipiga makofi. Na sijinyimi chakula, nakula kama zamani na kuongeza. Suruali zimekwenda kwa fundi mara mbili. Mara ya tatu akasema akipunguza tena itabaki mifuko mitupu. Watoto wameniita Mwiko, na jina limeshika hadi dukani.

Kiu tu ndiyo imekuwa kiu ya mkimbiaji kweli. Naweka dumu la lita tano kando ya kitanda, asubuhi halina tone. Mke wangu anasema ameolewa na ngamia, kwa sababu usiku naamka mara nne, mara tano, namkanyaga nikienda na nikirudi. Na huko chooni sisimizi wamepanga foleni kama siku ya mshahara. Nimewagombeza watoto wanaomwaga soda.

Wiki ya kwanza ya Juni kuna mbio za mji, kilomita kumi. Nimeshajiandikisha. Chukua likizo uje usimame pembeni ya barabara umwone aliyeacha shule ili wewe usome. Niliyebeba magunia mgongoni nikiwa na miaka kumi na minne leo nabeba mgongo wangu mwenyewe, na ni mwepesi.

Ni mimi kaka yako,
Mwiko

18 Februari

Shikamoo Kaka,

Barua imefika, na dereva alinisubiri nikicheka peke yangu pale getini pa zahanati. Habari za mwizi nimewasomea wenzangu wa zamu. Nisalimie wifi, mwambie nampa pole ya kulala na ngamia. Mimi sijambo.

Sasa nisikilize, na usinikate maneno, maana wewe ndiye uliyesema barua haikatwi.

Nenda kapime sukari. Wiki hii hii. Ni tone moja la damu kidoleni, utasubiri muda mfupi kuliko unaposubiri chai ipoe. Umeniandikia kiu, umeniandikia kuamka usiku, kula sana na kukonda, na sisimizi chooni. Sisimizi hawafuati soda, Kaka, wanafuata mkojo. Mgonjwa akija akaniambia hayo manne kabla hajakaa, mimi huwa nishafungua kisanduku cha sindano.

Najua utasema ni mbio. Mbio ni nzuri, lakini kilo kumi na tatu kwa miezi mitatu, na wewe unakula kwa kuongeza? Nikuulize kwa biashara yako. Gunia likiwa limeshonwa, halijafunguliwa, na kila Jumamosi ukilipima limepungua, wewe hupiga makofi? Nakujua. Unalipindua, unatafuta panya. Ulimfukuza mtu kazi kwa upungufu wa kilo mbili. Leo gunia ni wewe, unashangilia.

Na baba alianza hivi hivi. Tulikuwa tunamcheka kwa kubeba kopo la maji hadi msibani.

Jambo moja zaidi: tazama miguu yako kila siku, juu, chini, na katikati ya vidole. Maradhi haya hula hisia za mguu kwanza. Mtu anakanyaga msumari na anaendelea na safari.

Ukishapima, niandikie namba uliyoambiwa. Ukiwa mzima nitakuja Juni na kofia yenye jina lako.

Mdogo wako

17 Machi

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima.

Barua yako niliisoma mezani, kwa sauti, watoto wote wapo. Nilipofika kwenye panya, kijana wangu mkubwa alipaliwa na chai. Mke wangu peke yake hakucheka, akasema si mbaya kupima. Nikamwambia, kila fundi akiona ukuta anaona ufa, la sivyo atakula wapi.

Nitakuambia ukweli kwa kuwa hakuna mwingine wa kukuambia. Wewe umekaa na wagonjwa hadi huwezi kumtazama mtu mzima bila kumtafutia kitanda. Tena uko peke yako. Mtu aliyejaliwa watoto huhesabu watoto wake wameamka mara ngapi usiku. Wewe hukujaliwa, ndiyo maana unahesabu mara ninazoamka mimi nyumbani kwangu. Mume alikuachia nyumba nzima ya ukimya, sasa unatafuta pa kupeleka kelele. Si hapa.

Na baba usimtaje. Baba alikufa kwa kukaa kitako. Mimi nakimbia.

Themanini na tatu ilikuwa mwezi uliopita. Jumamosi hii ni sabini na saba. Nimenunua viatu vipya vya mbio. Mke wangu alisema vinabana, akaning'ang'ania nivirudishe, mimi sikuona vinabana popote. Nimekwenda navyo hadi kwenye tangi na kurudi, nikavua, soksi ina damu, kidole gumba kimechubuka hadi nyama, na sikusikia hata kidogo. Mpakiaji akasema huyu sasa ni mwanariadha kamili. Kawasomee na hilo wenzako wa zamu.

Elimu yako niliilipia kwa mgongo wangu. Sikuilipia ili inirudie kama ramli ya kunitisha. Usiniulize tena habari za mwili wangu. Ukitaka kuja Juni, njoo na mikono ya kupiga makofi, sindano uiache hukohuko.

Kaka yako

31 Machi

Shikamoo Kaka,

Natumaini nyote wazima. Mimi mzima.

Nimeisoma barua yako. Ya watoto nimeyaelewa. Ya mume pia. Nilikuwa sijui kwamba mezani kwako ukimya wangu ni kitoweo.

Habari za kidole nazo nimezisoma. Umenikataza kuuliza, kwa hiyo siulizi.

Hongera kwa viatu. Kimbia, Kaka.

Mdogo wako

28 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Kazi zinaendaje? Huku mvua zimenyesha, pumba zimepanda bei, nisingependa kukuchosha na hayo. Watoto wanakusalimu, hata yule mkubwa.

Naendelea na mazoezi. Si kila siku, kwa sababu kile kidole hakijakauka. Nakifunga kitambaa, navaa kiatu, nakwenda hadi nusu ya njia. Mbwa naye anageuka nami. Hakiumi. Ndicho kinachonishangaza, kidonda cha ukubwa ule hakiumi, kimekuwa cheusi pembeni na kimehamia kidole cha pili. Mwenye duka la dawa alinipa unga wa kunyunyizia. Mimi nadhani ni unyevu wa soksi.

Nyumbani utani umepungua. Mke wangu amehamia chumba cha wasichana, anasingizia joto. Joto gani na mvua hii. Binti wa kati ndiye aliyeropoka, akasema chumbani mnanuka kama stoo wakati panya amefia nyuma ya magunia. Nilimpiga kofi, halafu nikakaa kitandani nikavua kitambaa nikanusa mwenyewe.

Sabini na moja. Jumamosi iliyopita mpakiaji alisoma kimyakimya, na hakuna aliyepiga makofi.

Mimi sikuulizi kitu. Lakini kama mtu, kwa mfano mteja wangu, angekuwa na kidonda kama hiki, na kama angekuwa na ndugu anayejua, nadhani ndugu huyo angetuma neno tu, hata neno moja, kwamba anyunyizie nini, au aende wapi. Dereva atakusubiri kwa muda utakaotaka. Nimemwambia asiondoke upesi.

Mbio bado wiki tano.

Kaka yako

16 Juni

Mdogo wangu,

Naandika nikiwa wodini, kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Karatasi nimeiweka tumboni, utanisamehe mwandiko, huo tu ndio utakaonisamehe.

Wamenikata mguu wa kulia, chini ya goti. Ilikuwa tarehe 29 Mei. Nilianguka kwenye ngazi za stoo nikiwa na homa, wakanileta hapa kwenye gari la pumba. Walipima sukari, mashine ikaandika neno badala ya namba. Nikamuuliza nesi maana yake, akasema imepita pale inapoweza kuhesabu. Daktari ni kijana mdogo. Alinieleza mambo yaleyale uliyoniandikia Februari, kwa mpangilio uleule, kasoro sisimizi. Akaniuliza kama kuna yeyote katika ukoo wetu aliyewahi kunionya. Nilimwambia hapana.

Nilimuuliza mguu ulikuwa na uzito gani. Hakupenda swali. Lakini mimi ni mtu wa mizani, nikipungukiwa nataka kujua ni kiasi gani. Mpakiaji alipokuja kunitazama alisema, kwa kutafuta cha kusema, kwamba Jumamosi ijayo nitakuwa mwepesi kuliko wote. Akacheka peke yake, halafu akalia, nikamfukuza.

Mbio za mji zilipita hapa nje ya hospitali. Tulizisikia. Mgonjwa wa kitanda cha pili alisogezwa dirishani akawa anatusimulia wanavyopita, nani mnene, nani kavua viatu.

Sasa tuje kwetu. Dereva nilimwita, nikamwambia aape. Anasema barua yangu ya Aprili alikukabidhi mkononi. Uliisoma umesimama pale getini, ukaigeuza, ukaisoma tena. Akakuuliza asubiri kwa muda gani. Ukamwambia, "Hakuna jibu. Nenda."

Daktari anasema katika siku zile wangekata vidole viwili. Viwili, mdogo wangu. Toa vidole viwili kwenye mguu mzima, kinachobaki ni deni lako.

Kaka yako

30 Juni

Shikamoo Kaka,

Pole. Nimelisema neno hili mara nyingi kwenye kazi yangu na halijawahi kuwa zito hivi.

Dereva hakukudanganya. Niliisoma mara mbili, nikamwambia aende. Nilijua ni vidole, nilijua hata harufu ile maana yake nini. Nilikuwa nasubiri neno moja. Ulikuwa na karatasi nzima, ukaweka mvua, ukaweka bei ya pumba, ukaweka mteja asiyekuwepo, na samahani hukuiweka. Nikasema moyoni, lori lijalo ataiandika. Lori lililofuata lilikuja na pumba tu. La baadaye pia.

Hutapata samahani yangu kwa barua, kwa kuwa mimi sikuipata yako. Kama tutapeana, tupeane uso kwa uso.

Nimechukua likizo ya siku thelathini. Nitafika Jumamosi. Sitakuja kupiga makofi wala kulia. Mguu uliobaki unaweza kwenda njia ya mwenzake ndani ya mwaka, nimeshawaona wengi. Lazima uoshwe, ukaushwe, utazamwe kila asubuhi na mtu anayejua anachotafuta. Nitamfundisha wifi kuchoma sindano. Nitalala sebuleni. Ukitaka tusisemeshane, tusisemeshane.

Huna ndugu mwingine. Mimi pia sina.

Mdogo wako

14 Julai

Mdogo wangu,

Nimeruhusiwa kurudi nyumbani, na Jumamosi ile nilikusikia mlangoni. Nilimwambia mke wangu asifungue, na funguo zilikuwa chini ya mto wangu. Najua ulikaa kwenye ngazi hadi jioni, watoto walikuwa wanakuchungulia na kuniletea habari. Mkubwa alitaka kukupelekea kiti. Nilimkataza.

Sindano mke wangu amefundishwa na nesi wa wodini. Amerudi chumbani kwetu. Kila alfajiri, saa zilezile nilizokuwa natoka, anawasha taa, anapiga magoti, anaushika mguu uliobaki, anatenganisha vidole kimoja kimoja na kuniuliza kama nasikia. Hajui anachotafuta. Juzi nilimtukana kwa kunibugudhi, nikamwambia asiniulize tena habari za mwili wangu.

Leo alfajiri ameniuliza.

Usije tena. Dereva nimemwambia asipokee barua yako.

Kaka yako