Kumwigiza Bibi MaMoyo

Polokwane, 3 Julai 1997

Mpendwa wifi Netsai,

Salamu nyingi. Hujambo, na kaka Gondai hajambo? Baba je, miguu yake inaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo ndio mgonjwa.

Nasikia mwezi ujao mnaweka jiwe kwenye kaburi la Bibi. Mwajiri wangu huku Afrika Kusini kaninyima ruhusa tena, kama siku ya mazishi. Basi nakuachia wewe. Mwanamke aliyetulea wajukuu wote, alizikwa kimya kimya kama mpita njia! Hata mke mmoja wa ukoo hakuvaa nguo zake akamwigiza. Wifi, huo ndio utani wenu ninyi mlioolewa nyumba yetu tangu zamani. Marehemu asipochekwa, nani atajua alikuwa mtu gani? Wewe umekaa naye jiko moja miaka sita. Mwigize.

Wifi yako,
Shorai

Gutu, 15 Julai 1997

Wifi Shorai,

Salamu zimefika, nasi tu wazima. Tunayemhofia ni Baba. Tangu mama yake azikwe hajalia, hajacheka. Anakaa uani kutwa, anatazama mlango wa jiko la Bibi.

Mchungaji kasema utani wa makaburini ni ushenzi, na Baba kaitikia kwa kichwa. Sasa mimi mkwe, ambaye hata jina lake sijawahi kulitamka, nirukeruke mbele yake? Unanitafutia talaka. Nisamehe.

Wifi yako mwoga,
Netsai

Gutu, 18 Agosti 1997

Wifi Shorai!

Hujambo? Utanijibu baadaye, kwanza kaa chini.

Jumamosi watu walijaa mpaka nje ya ua. Mchungaji akasimama kumwelezea Bibi: "Mama huyu alikuwa mpole, mtulivu, mwenye maneno machache." Wifi, MaMoyo huyu huyu! Mtu ambaye akiita mbuzi wake, wanaitika wa kijiji cha pili! Watu wakatazamana. Nikaona tunamwekea jiwe mtu mwingine kabisa. Hasira zikanipanda, nikaingia ndani nikavaa gauni lake la maua na gambuti zake.

Nilipotoka, mchungaji alishawasha gari awahi ibada nyingine. Nikasimama mbele ya gari, mikono kiunoni.

"Wewe! Zima hilo gari! Kwangu haondoki mtu na njaa, hata awe mwizi!"

Vigelegele! Jirani mmoja akapiga kelele, "MaMoyo huyo! Karudi!" Nikamgeukia Baba. Ujasiri sijui niliutoa wapi.

"Na wewe Tafirenyika, umesimama kama nguzo ya zizi! Mgeni ale kachuchumaa? Kiti!"

Nikajua leo narudishwa kwetu.

Baba akajibu, "Ndiyo, Mama." Akakimbia kuleta kiti, na miguu yake ile! Alipokiweka chini akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka Gondai akamshika. Na mimi nililia, wifi, nikiwa nimevaa gambuti. Bibi alikuwa pale pale kati yetu, na kila mtu alimwona.

Mchungaji alizima gari. Alikula ugali wetu wa sadza na kuku, akaongezwa, maana kila akitaka kuinuka nilimkazia macho. Alipoaga alisema, "Ahsante, MaMoyo."

Wifi yako,
Netsai

Polokwane, 5 Septemba 1997

Wifi yangu shujaa,

Pokea salamu, na shukrani ambazo sijui nizipime kwa kipimo gani. Barua yako nimewasomea wenzangu wa chumbani mara tatu. Wanataka na wao waolewe kwetu.

Baba naye kaniandikia, kwa mkono wake mwenyewe: "Mwanangu, kijiji kilimzika mama mwaka jana. Mimi nimemzika Jumamosi hii, naye alikuwa yeye mwenyewe."

Halafu chini kaongeza: "Mwambie mkwe wangu alisahau kunigombeza kwa kukaa juani bila kofia. Mama asingesahau."

Wifi yako,
Shorai