Mgomba Tuliouzika

Gaithersburg, Maryland
Jumatatu, 13 Oktoba 2025

Kwako dada Bilha,

Tulimpoteza ndugu yetu Silvanus tarehe 9 Novemba 2014, alipoanguka baharini kutoka kwenye meli aliyokuwa mpishi wake. Hivyo ndivyo ulivyotuambia, na tangu siku hiyo sijakuuliza swali. Leo ninalo.

Lakini kwanza nikusalimu, maana mama hakutulea bila adabu. Hujambo? Mguu wa mama umepungua uvimbe? Sisi huku tu wazima. Chebet bado ana shifti zake za kutunza wazee kule Rockville. Audrey ametimiza miaka kumi na miwili. Kiswahili anakisikia ila anajibu kwa Kiingereza. Kampuni yangu ya kusafisha ofisi ina wafanyakazi kumi na mmoja sasa. Nilianza na ndoo moja, na unakumbuka mlivyonicheka.

Mmoja wa hao kumi na mmoja ni mama Mrundi, Anysie. Mwezi uliopita, tukila chakula cha mchana, alituonyesha vidio ya harusi ya mpwa wake huko Bremerhaven, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Penye masufuria palikuwa na mwanamume anasonga ugali, mguu mmoja umekanyaga mwingine. Unajua nyumbani kwetu ni nani aliyekuwa akisimama hivyo. Nilimwomba Anysie arudishe nyuma mara nne, hadi akawaambia wenzake kwamba bosi ameona mke wa pili.

Chebet nilimwambia naenda kutazama mashine za kusugua sakafu. Nikaruka kutoka Dulles hadi Frankfurt, kisha treni mbili. Mji wenyewe hauna cha kumfurahisha mtu wa Vihiga. Ni upepo tu, na tuta refu la kuzuia bahari, kondoo wanakula nyasi juu yake. Magari mapya yanangoja meli; nilihesabu safu sitini nikaacha. Watu wanakula mkate wenye samaki ambaye hajaona moto.

Jumatano saa tano kasorobo asubuhi Silvanus alitoka kwenye lango la kiwanda cha samaki, ambako mpwa wa Anysie aliniambia yule msonga ugali anafanya kazi, amevaa buti nyeupe za mpira. Ndiyo, dada. Silvanus wetu, na mvi. Alinikodolea macho, akasema nimeota tumbo la askofu. Halafu akaketi pale pale kwenye lami.

Alinieleza kwamba hakuanguka popote. Nahodha alikuwa akimpiga, kwa hiyo meli ilipofunga gati pale alishuka na hakurudi. Kibali chake cha kushuka bado anacho. Nilikishika kwa mkono wangu. Kimeandikwa tarehe 14 Novemba 2014. Mtu aliyezama tarehe tisa hapewi kibali tarehe kumi na nne. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaikataa.

Nilitaka kukutetea. Nilimwambia labda wakala wa meli alikudanganya, nawe ukatuletea ulichoambiwa. Akasema alikupigia simu mara nne, ya kwanza Januari 2015, na kwamba ulimwambia baba amekataza jina lake lisitajwe, na mkewe Chebet amerudi kwao Bomet, hataki kumsikia. Miaka kumi anaamini kwamba tunajua yu hai na tumemtupa. Baba amekufa, hata hilo aliambiwa na mimi, kando ya barabara.

Habari ya mgomba hakuisadiki. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba maiti haikupatikana, kwa hiyo Julai 2016 wazee walikata mgomba wa urefu wake, wakauvika shuka, wakautia kwenye jeneza, tukauzika karibu na babu, na kwamba wewe ulilia kumshinda mama. Akauliza ulikuwa mgomba wa ndizi gani. Nikamwambia wa kupika. Alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Sasa nikufikishe pale unapopajua. Mgomba ulipozikwa, wazee walisema Chebet ni mjane kamili, anaweza kuolewa. Ni wewe uliyesema Audrey, mtoto wa Silvanus, asiende kulelewa na wageni. Ni wewe uliyenipigia simu huku kila Jumapili mwaka mzima. Mei 2018, mbele ya kanisa, ulimshika Chebet mkono ukauweka ndani ya mkono wangu. Nami nikampenda, Bilha. Hilo halikuwa la wazee.

Nami nina la kuungama. Sikwenda Bremerhaven kumtafuta ndugu yangu. Nilikwenda kuhakikisha kwamba si yeye. Pete niliivua kwenye treni ya pili nikaitia ndani ya soksi. Aliponiuliza kuhusu Chebet, nilisema ameolewa na mtu mwema, yuko mbali. Aliponiuliza Audrey ana urefu gani, nilimwonyesha hapa kwenye bega langu, akatia kiganja chake hapo, akakiacha. Sikumwambia Audrey ananiita nani. Nimerudi, nimemwambia Chebet kwamba mashine hazifai.

Silvanus aliniomba namba ya mama nikampa, sikuweza kumnyima. Atampigia Jumapili hii, tarehe 19, mkitoka kanisani. Kwa hiyo Jumamosi jioni nitamkalisha Chebet nimweleze yote, na nataka nijue namwambia nini kukuhusu wewe.

Barua hii naipiga picha na kukutumia kwa simu sasa hivi, usije ukasingizia posta. Usinirekodie sauti ya kilio. Andika. Msalimie mama, umkande huo mguu kwa maji ya chumvi.

Siku uliyoweka mkono wa Chebet ndani ya wangu, ulijua Silvanus yu hai? Ndiyo au la. Nakupa hadi Jumamosi saa sita mchana, saa za huko kwenu.

Ni mimi ndugu yako,
Nehemiah