Kombucha Yako na Sukari ya Mama

Baba Watoto,

Chakula kiko kwenye friji, kipashe moto. Mdogo asitoke bila sweta. Mimi niko hospitali na mama yako; barua hii nimempa dereva wa teksi akuletee.

Usikurupuke, anaendelea vizuri. Asubuhi nimemkuta jikoni ameshikilia meza, ana kizunguzungu na kiu isiyokwisha. Nilipompima, sukari ilikuwa imepanda vibaya. Nikamuuliza, umekula nini, mama? "Sijala kitu, nimekunywa tu dawa ya mwanangu."

Dawa! Jagi zima la kombucha yako, bwana mtaalamu wa lishe. Vitamini, madini, bakteria rafiki wa tumbo, tumehubiriwa humu ndani mpaka masikio yamechoka. Nilipokuuliza kuhusu sukari, ukasema imeliwa yote na ule utando unaoelea juu. Uliuuliza, ukakujibu? Mgonjwa wa kisukari unampa chai ya sukari iliyochacha, tena unamwambia inatosha kuwa kifungua kinywa!

~~Mwaga mitungi yote kabla sijarudi.~~ Iache. Nitaimwaga mwenyewe, wewe ukitazama.

Mletee mama miwani yake na shuka.

Nilikuwa nimejipanga kukusema mpaka jioni. Lakini kwenye teksi amenishika mkono: "Usimgombeze. Ile dawa ni kali kama siki, nilikuwa naongeza asali ili niimalize. Anafurahi sana akiona glasi tupu."

Basi njoo haraka, umwambie mwenyewe asiinywe tena. Mimi nimemwambia, amekataa katakata.

Mama Watoto