Msaragambo wa Kung'oa Mirungi ya Mama

Ijumaa, jioni. Same.

Upepo wa leo umenitia mchanga hadi kwenye meno. Nimefunga saluni mapema, sijala, na hamu ya kula sina. Makande ya jana yako jikoni yanaharibika, na yaharibike.

Leo nilipanda kijijini. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ametangaza msaragambo, na kwetu milimani msaragambo hauna mjadala: kila nyumba inatoa mtu mmoja na jembe lake, asiyetokea anapigwa faini. Ndivyo babu zetu walivyochimba mifereji, ndivyo lilivyojengwa darasa nililosomea mimi. Leo tuliitwa kung'oa mirungi. Mirungi yetu wenyewe, mashambani mwetu wenyewe.

Sitajifanya mtakatifu. Kahawa ilipotushinda, marehemu baba alipanda mirungi, na mirungi ndiyo iliyonisomesha. Sheria inaikataza, najua, na vijana wanaoharibika nawaona kwa macho yangu. Angetokea mtu msafi akatuambia ng'oeni, ningeng'oa na nisinung'unike.

Lakini aliyesimama pale mbele leo ni diwani wetu.

Mheshimiwa huyu namjua hadi uani kwake. Kila Jumamosi huwa naenda nyumbani kwake hapa mjini kumsuka mkewe. Na kila Jumamosi kaka yangu Eliamini alikuwa anaingia kwa geti la nyuma na kifurushi kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Mheshimiwa na rafiki zake wamekaa barazani, karanga hapa, soda pale, shavu limetuna kama la mtu mwenye jino bovu. Wanatafuna na kupanga maendeleo ya kata.

Eliamini alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na kifurushi hicho. Cha Mheshimiwa. Sasa yuko mahabusu, na kila tukienda mahakamani tunaambiwa upelelezi haujakamilika. Hajamtaja aliyemtuma, kwa sababu Mheshimiwa alimfikishia ujumbe kwamba afunge mdomo, mambo atayamaliza yeye. Mama akaamini. Hadi leo anaamini.

Watu hututania Wapare kwamba tunapenda kesi, eti Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wangemwona mama yangu. Akisikia tu neno hakimu, anatafuta pa kukaa.

Basi asubuhi nikamwambia mama apumzike, jembe nitashika mimi. Akakataa katakata.

"Wewe Nanzia huelewi. Lazima anione mimi. Akiniona, atamkumbuka mwanangu."

Akaenda. Ukungu ulikuwa bado umelala mlimani, nyasi zimelowa, na yeye na viatu vyake vya plastiki. Akasimama mstari wa mbele, kwenye shamba letu, karibu na waliokuwa wanapiga picha. Jamani, mama yangu alichimba! Wenzake walikuwa wanagusagusa udongo tu, yeye anakata mizizi kama mtu anayeua nyoka. Ile ni miti aliyoipanda na mumewe. Kila shina likianguka, anageuka kumtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa anatazama kamera.

Halafu ikaja hotuba. "Mirungi inatumalizia vijana! Anayewatuma watoto wetu kuibeba hana tofauti na muuaji!" Alisema hivyo, kwa mdomo uleule. Wanasema nyani haoni kundule. Huyu wetu analiona vizuri sana, ameamua tu kutuambia kwamba ni letu. Na sauti ilimtetemeka kwa uchungu, hadi kwa muda mfupi hata mimi nilikaribia kumwamini. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Watu wakapiga makofi. Nusu yao wanajua. Mwenyekiti anajua, maana na yeye nimeshamkuta pale barazani.

Nikapiga na mimi.

Wakati wa kuondoka mama alimfuata garini, mikono imejaa udongo. Mheshimiwa akawahi, kamera bado zipo: "Shikamoo, mama!" Mama akaitikia, "Marahaba, baba. Yule mwanangu..." Akamwambia, "Tuko pamoja, mama, tuko pamoja," na kioo kikapanda. Mama alibaki amesimama pale anatabasamu, ananiambia, umeona, ameniamkia mbele za watu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikashuka zangu mjini. Nilikuwa ndiyo naanza kuandika haya, simu ikaita. Mheshimiwa mwenyewe, si mkewe. Moyo ulinidunda kwa furaha, sikufichi. Nikasema ndiyo hii sasa, kumbe alimwona mama, Eliamini anatoka.

Sauti ilikuwa imemkauka kwa hotuba. Akanisalimia vizuri, akasema mama yangu ni mzalendo wa kweli. Kisha akasema, "Sasa binti yangu, kesho nina wageni. Upande wa pili wa bonde wang'oaji hawajafika, nilihakikisha. Huna kijana mwaminifu huko kwenu wa kuniletea?"

Habari za Eliamini hakuuliza. Hata jina lake hakulitaja.

Maneno nilikuwa nayo, tena mengi, yalikuwa yamenijaa kifuani tangu asubuhi. Nikamfikiria kaka yangu kwenye sakafu ya mahabusu. Nikafikiria kwamba mtu huyu akiudhika, basi tena, ndugu yangu ataozea mle. Wao wameshika mpini, sisi tumeshika makali.

Nikasema, "Ngoja niulizie, Mheshimiwa."

Nikasema na ahsante.

Haukupita muda, mama naye akapiga kuuliza kama Mheshimiwa amesema lolote. Nimemwambia ndiyo, amepiga, amesema tuvute subira. Mama akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikamsikia analia kwa furaha, na mimi sikumkatiza.

Kesho kutakucha, hilo halihitaji ruhusa ya mtu. Ila nimekaa hapa na simu mkononi, nawapitia vijana wa kijijini mmoja mmoja, na sijui nitamtaja mtoto wa nani.