Aliyelala Marseille

Al Baraha, Dubai
2 Septemba 2024

Wifi yangu Kijakazi,

Assalaam aleikum. Hujambo? Na mama, presha yake imetulia? Mimi mzima, ila joto la huku linatutoa roho.

Keti kwanza. Madam Nada, yule mama wa Kilebanoni ninayemuuguza, anakwenda Marseille kwa siku chache, na mimi nafuatana naye. Binti yake amenipa kazi ya kupanga matembezi: kwanza Bandari ya Zamani, kisha Aix kwa basi, kisha Cassis kuona bahari, warudi jioni. Siku ya Cassis watakwenda wenyewe, madam na bintiye. Mimi nimeomba ruhusa, nimepewa. Nitakwenda kaburini kwa kaka. Tangu Aboud azikwe kule, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumzuru. Niambie nimfikishie nini.

Wifi yako,
Masuda


Kibokoni, Mombasa
6 Septemba 2024

Wifi Masuda,

Wa aleikum salaam. Mama hajambo, anakuombea safari njema. Mimi mzima wa mwili.

Usimpelekee salamu zangu. Miaka mitatu mnaniambia ni yeye, kwa kuwa maiti aliyeokotwa baharini alivaa koti lake, na karatasi zake za ubaharia zilikuwamo mfukoni. Wifi, mimi namsikia. Magharibi ikiingia hukohoa mlangoni, kile kikohozi chake cha kabla ya hodi. Nikifungua, hapana mtu. Mama anataka nisomewe. Na Irshad, yule wa duka la vitambaa, ameniposa mara ya pili. Nimjibu nini, na mume wangu yuko mlangoni?

Mtafute aliyemwosha. Muulize kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kilichokatwa na mlango wa kontena. Kisha uniambie kweli, hata ikiuma.

Wifi yako,
Kijakazi


Al Baraha
20 Septemba 2024

Wifi,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kukawia. Viza zimetoka. Madam anaogopa upepo wa Cassis, basi tumeweka Arles badala yake. Siku yangu ni ile ile.

Kuna jambo nilitaka kukuficha. Juzi nilikwenda sokoni Al Ras kumnunulia madam hiliki, nikamwona hamali anasukuma mkokoteni. Mgongo wa Aboud, na lile bega lililoshuka. Nikaita, “Aboud!” Hakugeuka. Nikamfuata mpaka kwenye msongamano, watu wananipigia kelele nisogee, “Yalla, yalla!” Akanipotea. Nikarudi nyumbani bila hiliki.

Labda hofu yako imeniambukiza. Niombee.

Masuda


Marseille
4 Oktoba 2024

Wifi yangu,

Natumai mnaamka salama. Wenzangu wako Arles. Nakuandikia kabla moyo haujanigeuka.

Kaburi nimeliona. Lina kibao chenye jina lake, limetunzwa. Aliyemwosha ni mzee wa Kingazija aliyewahi kuishi Unguja, tukaelewana vizuri. Nikamuuliza habari ya kidole. Akaitazama mikono yake.

“Kidole gani, mwanangu? Nilipitisha maji baina ya vidole vyote. Havikupungua.”

“Una hakika, mzee?”

“Hakuwa na jamaa siku ile. Mimi ndiye niliyekuwa jamaa yake. Nimsahau vipi?”

Nikakaa pale pale chini. Kisha nikamsomea Yasini mtu nisiyemjua, aliyezikwa na jina la kaka yangu. Mama sijamwambia.

Masuda


Mombasa
19 Januari 2025

Wifi Masuda,

Assalaam aleikum. Najua umepiga simu sana. Sikuwa na sauti ya kukujibu.

Mwanzo nilifurahi. Nilikuwa nikipika vya watu wawili, mlango nikiuacha wazi. Hata jioni moja, nachuja tui, likanijia: kama yu hai, ana mikono ya kuandika na mdomo wa kusema. Nikazima jiko. Kama amekufa, Mola amrehemu. Kama yu hai, basi ameniacha nimlilie.

Nimekwenda kwa kadhi kuomba niachishwe. Irshad nimemwambia angoje hukumu.

Jana nimesoma hitma. Majirani wakauliza ni ya nani, nikawajibu, “Ya mtoto wa watu.” Wakadhani nazungumza kwa uchungu. Mama, ambaye bado hajaambiwa, alilia kuliko wote. Walipoondoka akanishika mkono, akaniuliza, “Masuda alikwambia? Pale kaburini pana kivuli cha mti?”

Nikamwambia pana.

Wifi yako, vyovyote itakavyokuwa,
Kijakazi